Kumbukumbu za picha zinazojileta zenyewe: namna ya kuzinyamazisha, kuzificha na kuzichagua

Simu iko juu ya meza ya kikao pale Mtumba, Dodoma. Kioo kinawaka, picha ndogo ya marehemu mama inajitokeza mbele ya watu watano, na pembeni yake maneno "miaka 3 iliyopita". Mwenye simu anaigeuza kifudifudi. Jioni anaingia kwenye mipangilio, anazima arifa zote za programu ya picha, anaamini amemaliza. Wiki inayofuata anafungua programu hiyohiyo kutafuta picha ya risiti ya saruji, na mama yuko palepale juu, kisanduku cha kwanza.

Alizima kengele, kumbukumbu hakuigusa. Hapa kuna vitu vitatu na kila kimoja kina swichi yake: arifa inayolia, kumbukumbu inayopangwa ndani ya programu, na picha yenyewe iliyolala kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ukizima arifa, kumbukumbu zinaendelea kupangwa kimyakimya. Ukificha kumbukumbu, picha bado ipo, bado inatafutika, bado inakula nafasi. Ukifuta picha, imeondoka kila mahali, na hapo ndipo watu wanapolia. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote amua unataka lipi: simu inyamaze, usimwone mtu fulani, au picha isiwepo kabisa.

Majina ya vitufe tumeyaandika kama yanavyosomeka kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, maana simu nyingi mtaani ziko hivyo. Kama Android yako iko kwa Kiswahili utakutana na Mipangilio, Arifa na Kumbukumbu. Mahali ni palepale. Sasisho la programu huweza kusogeza kitufe ukurasa mmoja mbele au nyuma, basi usipokiona, chungulia ukurasa wa jirani kabla ya kukata tamaa.

Kwanza mjue anayepiga kengele

Simu moja inaweza kuwa na wapiga kengele kadhaa. Google Photos wana kumbukumbu zao. OneDrive wana zao, wanaziita On this day. Samsung wana Gallery yao yenye Stories. Facebook nayo huleta machapisho yako ya zamani. Maneno ya wote yanafanana, na ndiyo maana mtu anazima ya Google kisha analalamika kwamba swichi haifanyi kazi, kumbe anayemsumbua ni OneDrive. Kwenye Samsung hili hutokea sana, kwa sababu Gallery huweza kuunganishwa na OneDrive, na picha hiyohiyo ikaja mara mbili kupitia milango miwili.

Arifa ikija, usiitelezeshe kuifuta. Iweke kidole na usikiachie kwa sekunde moja au mbili. Itafunguka na kuonyesha jina la programu iliyoileta, na chini yake jina la aina ya arifa. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, arifa za programu moja zimegawanywa katika aina, na kila aina huzimwa peke yake. Hiyo ndiyo njia ya uhakika kuliko zote kwa sababu haikutegemei kukumbuka njia ya menyu: arifa yenyewe inakupeleka kwenye swichi yake.

Kama umeshaifuta, fungua Settings ya simu, ingia Notifications, kisha Notification history. Ipo kuanzia Android 11. Iwashe leo, kwa kuwa hainakili arifa zilizokuja kabla ya kuwashwa.

Kuzima kengele ya Google Photos bila kuziba masikio yote

Fungua programu, gusa picha yako ya duara juu kulia, ingia Photos settings, kisha Notifications. Utaona orodha ya aina za arifa. Zima inayohusu Memories. Matoleo mengine yameiweka swichi hiyo ndani ya Preferences, halafu Memories. Ukikosa kote kuwili, rudi kwenye Settings ya simu, Apps, Photos, Notifications, uzime aina hiyo pale.

Usizime arifa zote za Google Photos. Programu hii ndiyo inayokuambia kwamba uhifadhi umesimama au nafasi imejaa. Tangu tarehe 1 Juni 2021, picha zote mpya zinahesabiwa ndani ya GB 15 za bure ambazo unazigawana na Gmail na Drive. Zikijaa, picha mpya haziendi tena mtandaoni, na mwenye simu aliyezima kila kitu anaweza kukaa miezi bila kujua. Simu ikidumbukia kwenye ndoo, miezi hiyo ndiyo inayopotea. Zima moja, acha nyingine.

Kuna jambo la kioo kufungwa. Kama unachotaka ni watu wasione tu, huna haja ya kuzima kitu. Kwenye Settings, Notifications, tafuta sehemu ya arifa za kioo kilichofungwa, uchague maudhui yafichwe. Simu italia, lakini picha haitaonekana mpaka uifungue. Na ukiwa unaunganisha simu kwenye projekta ya kikao, washa Do Not Disturb kabla ya kuchomeka waya.

Mwisho wa kengele: angalia kioo cha nyumbani. Google Photos wana kijisanduku cha kumbukumbu kinachokaa hapo na kubadilisha picha chenyewe. Hicho si arifa, na kuzima arifa hakukigusi. Kishike kwa kidole mpaka kitikisike au menyu ijitokeze, kisha ukiondoe.

Mtu aliyefariki, au aliyeondoka

Hapa ndipo tunaomba usiende haraka. Kumficha marehemu kwenye kumbukumbu si kumkana wala si kumfuta. Picha zake zinabaki, siku ya hitma au ya misa utazitafuta kwa jina na utazipata, na siku moyo ukitulia utamrudisha kwa mguso mmoja. Unachofanya ni kuamua mwenyewe lini utamwona, badala ya mashine kukuamulia saa mbili asubuhi.

Google Photos wana vificho viwili, na tofauti yake ni muhimu. Njia ni moja: picha ya duara, Photos settings, Preferences, Memories. Ndani yake kuna Hide people & pets na Hide dates.

Cha kwanza kinafuata sura. Ukigusa duara la sura ya mtu, kumbukumbu zenye sura hiyo hazitapangwa tena, za mwaka wowote. Cha pili kinafuata tarehe picha zilipopigwa. Ukiweka kuanzia 1 Mei 2022 hadi 31 Julai 2022, picha za kipindi hicho hazitaletwa, awe ni nani ndani yake. Lakini picha yake ya harusi ya 2018 itakuja kama kawaida, maana haimo ndani ya tarehe hizo. Watu wengi wanaweka tarehe ya msiba peke yake, kisha wanashtuka mwezi mwingine marehemu akitokea anacheka kwenye shamba la zabibu Hombolo. Msiba unahitaji vificho vyote viwili: sura kwa ajili ya maisha yake, tarehe kwa ajili ya ugonjwa na mazishi.

Unapoweka tarehe, usiweke siku ya kifo tu. Anza siku ya kwanza ya kumpeleka hospitali, umalizie wiki kadhaa baada ya arobaini. Ndugu huendelea kutuma picha za mazishi kwenye kundi la familia kwa muda mrefu, na kwenye simu yako picha hizo zinabeba tarehe ya kupokelewa.

Kificho cha sura kina mapengo, na ni vizuri uyajue mapema:

Mtu mmoja anaweza kuwa na maduara mawili au matatu. Mama akiwa na kilemba, mama bila kilemba, mama wa picha ya zamani iliyopigwa kutoka kwenye albamu ya karatasi. Mashine inaweza kuwaona kama watu watatu. Nenda kwenye sehemu ya watu ndani ya programu, yape maduara yote jina lilelile. Programu itauliza kama ni mtu mmoja, ukubali. Yakishaungana, mfiche mara moja.

Picha isiyo na sura haifichiki kwa njia hii. Mgongo wake akiwa jikoni, mkono wake kwenye kitanda cha hospitali, jeneza, kaburi lenye maua: hakuna uso wa kutambua. Kama zimo ndani ya tarehe ulizoficha, umeshazidhibiti. Zilizo nje ya hapo, zichague moja moja uzipeleke kwenye Archive, ambako hutoka kwenye orodha kuu, au kwenye Locked Folder, ambako haziingii kwenye kumbukumbu, kwenye utafutaji wala kwenye albamu. Locked Folder ina hatari yake: kama hujawasha uhifadhi wake wa mtandaoni, picha zilizomo ziko kwenye simu hiyo tu. Ukiondoa programu au ukafuta data zake, zimekwenda.

Na kama hiyo sehemu ya sura huioni kabisa, angalia Preferences, Group similar faces. Ikiwa imezimwa, hakuna maduara ya kuficha. Iwashe, acha simu kwenye Wi-Fi na chaji usiku mmoja au zaidi kama picha ni nyingi, ndipo urudi.

Kwa mchumba au mwenza mliyeachana, mpangilio ni huohuo, ila hapo tarehe haisaidii sana kwa sababu uhusiano huenea miaka. Tumia sura.

Kumbukumbu ikishakutokea bila wewe kutarajia, usikimbilie alama ya ndoo. Gusa nukta tatu, utakuta chaguo la kuondoa kumbukumbu hiyo au picha hiyo kwenye kumbukumbu. Ndoo ni kitu kingine: kwenye Google Photos, kufuta picha iliyohifadhiwa kunaifuta mtandaoni na kwenye simu kwa pamoja. Ukiteleza, ingia Trash. Picha iliyokuwa imehifadhiwa mtandaoni hukaa humo siku 60, ambayo haikuhifadhiwa siku 30.

Kumbukumbu za takataka

Malalamiko mengine hayana uchungu, yana kero. "Miaka 2 iliyopita", kisha unaletewa salamu ya Jumatatu njema yenye maua ya waridi, picha ya muamala wa pesa, na tangazo la kiwanja Nala. Hizo zimeingia kwa sababu folda ya WhatsApp imeruhusiwa kuhifadhiwa.

Gusa picha ya duara, Photos settings, Backup, kisha Back up device folders. Folda ya kamera huhifadhiwa siku zote. Zima WhatsApp Images, WhatsApp Video na Screenshots, isipokuwa kama unategemea mojawapo. Bando nalo litapumua, hasa kama umeruhusu uhifadhi kutumia data ya laini badala ya Wi-Fi.

Kuzima folda hakuondoi zilizokwisha kupanda mtandaoni. Hizo lazima uzisafishe kwa mkono, na hapa angalia: ukizifuta ndani ya Google Photos zinatoka na kwenye simu pia. Mtu anayejenga ana picha za msingi, nondo na stakabadhi zilizotumwa na fundi kwa WhatsApp. Hizo ni ushahidi wa malipo. Zitenge kwenye albamu yenye jina kwanza, ndipo ufagie zilizobaki.

Mwaka unapokuwa wa uongo

Kumbukumbu inasema mwaka mmoja uliopita, picha unaijua ni ya zamani zaidi. Kamera huandika tarehe ndani ya faili la picha. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huondoa maandishi hayo, hivyo kinachobaki ni tarehe uliyoipokea. Angalia jina la faili. IMG-20210317-WA0004.jpg maana yake ni tarehe 17 Machi 2021, na WA ni WhatsApp. Hiyo ni siku picha ilipofika kwako. Hata kama ni picha ya babu ya mwaka 1974, programu itaishangilia kila Machi 17.

Kuirekebisha, fungua picha ndani ya Google Photos, telezesha juu, gusa alama ya kalamu kando ya tarehe, andika tarehe sahihi. Kwa picha nyingi ni rahisi zaidi kutumia kompyuta: zichague zote, kisha ubadilishe tarehe kwa pamoja. Nduguyo akikutumia picha za maana, mwambie azitume kama dokumenti. Hapo tarehe na ubora vinabaki.

Mkulima wa zabibu ana sababu ya pekee ya kujali hili. Huku Dodoma mavuno ni mawili kwa mwaka, na picha ya kichala cha mwaka jana iliyoletwa siku ileile ya mwaka huu inaonyesha kama matunda yamechelewa. Kumbukumbu ya namna hiyo iache iwe hai, ila tarehe iwe ya kweli.

OneDrive, iPhone na Facebook

OneDrive inawapata zaidi wafanyakazi wenye kompyuta za Windows, na ina milango mitatu. Kwenye simu: fungua OneDrive, gusa picha yako, Settings, Notifications, uzime ya kumbukumbu. Kwenye kompyuta: bonyeza wingu dogo chini kulia karibu na saa, gusa gia, Settings, tafuta arifa inayotaja "On this day" uitoe tiki. Tatu ni barua pepe; ingia OneDrive kwa kivinjari, gusa gia, Options, Notifications, uondoe tiki hapo. Ukizima mmoja, mingine miwili inaendelea. Kwenye kompyuta angalia pia kama OneDrive imechukua folda ya Pictures na picha za kioo (screenshots); ndiko vinakotoka vipande vya jedwali la bajeti vinavyorudi kama kumbukumbu, na GB 5 za bure huisha kwa sababu hiyohiyo.

Kwenye iPhone: Settings, Notifications, Photos, Customize Notifications, zima Memories. Kumbukumbu ndani ya programu huzimwa kwingine, kwenye mipangilio ya Photos, palipoandikwa Show Featured Content. Kwa mtu mmoja, fungua kumbukumbu yake, gusa nukta tatu, uchague aonyeshwe mara chache au asionyeshwe kabisa.

Facebook: Menu, Memories, gia. Hapo kuna kiwango cha arifa, kuficha watu na kuficha tarehe.

Ukibadilisha simu, ujue kwamba watu na tarehe ulizoficha kwenye Google hufuata akaunti, lakini swichi za arifa ni za simu. Simu mpya itaanza kulia upya hata kama ya zamani ilikuwa kimya.

Akaunti moja, simu mbili

Hili ni tatizo la kwetu hasa. Kijana anamnunulia mama simu, anaipeleka Mpwapwa, anaingiza barua pepe yake mwenyewe ili Play Store ifanye kazi haraka. Kuanzia siku hiyo picha za simu zote mbili zinaingia kapu moja. Mama anaamka na kumbukumbu za mwanawe akiwa na marafiki Dar es Salaam. Mwana ofisini anapata kumbukumbu za mbuzi na za wagonjwa wa familia. Hakuna swichi ya kumbukumbu itakayotatua hili, kwa kuwa kuficha kwa mmoja ni kuficha kwa wote wawili.

Wengine hali yao ni mbaya zaidi: simu iliwashwa na muuzaji au fundi kwa akaunti yake. Fungua Google Photos, gusa duara juu kulia, usome barua pepe iliyoandikwa hapo. Kama siyo yako, picha zako zinaenda kwa mtu mwingine. Zima Backup hapohapo kabla ya jambo lolote.

Kuwatenganisha mama na mwana, fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Kwenye simu ya mama, zima Backup.
2. Hakikisha picha zake ziko kwenye simu kweli. Kama kuna wakati ulitumia Free up space, za zamani ziko mtandaoni tu. Zipakue kwanza, ukiwa kwenye Wi-Fi.
3. Mfungulie mama akaunti yake. Namba ya simu ya kurejeshea iwe yake, na nenosiri liandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani.
4. Ongeza akaunti hiyo kwenye simu, ichague ndani ya Google Photos, washa Backup upya. Ana GB 15 zake.
5. Toa akaunti yako kwenye Settings, sehemu ya akaunti. Picha zilizo ndani ya simu hazifutiki kwa kufanya hivyo.
6. Kwenye simu yako, ingia akaunti yako ya Google, Security, Your devices, uangalie kwamba simu ya mama imetoka. Kama bado ipo, iondoe hapo.

Picha za mama zilizobaki kwenye kapu lako usizifute siku hiyo. Subiri zake zimalize kupanda kwenye akaunti mpya, mkague pamoja kwa simu, mwaka hadi mwaka.

Kabla hujapanda gari la kurudi Dodoma, piga picha moja kwa simu ya mama, ya mti wa uani inatosha. Subiri dakika kumi ukiwa na mtandao. Isipotokea kwenye simu yako, mmeshatengana.